Si Kifua Kikuu

Kangemi, Nairobi
11 Machi 1974

Mama Nanjala,

Keti kwanza kabla hujaendelea kusoma. Hakuna aliyekufa. Keti tu, maana mimi nilipoambiwa haya nilikuwa nimesimama, nikatafuta ukuta wa kushika.

Sina kifua kikuu. Sikuwahi kuwa nacho.

Ilikuwa hivi. Dawa zilipokwisha Januari na kikohozi kikabaki palepale, Shem Odero alinisukuma niende hospitali ya misheni, huko mbele ya Kinoo. Unamkumbuka Shem, tumefunika naye mabomba tangu nilipofika Nairobi. Nilimkuta daktari mwenye mvi, anasema Kiswahili cha polepole. Alizichukua picha zangu zote za kifua, za zamani na mpya, akazitazama mwangani moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza swali ambalo daktari wa kampuni hakuniuliza hata siku moja: "Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Nafunika mabomba ya mvuke na matangi ya maji moto kwenye mahoteli ya mjini, majumba ya Kileleshwa, popote kampuni inaponituma. Tunapewa magunia ya asbesto, ule unga mweupe. Tunaumimina kwenye pipa, tunaukoroga na maji kwa mikono, tunaupaka kwenye bomba kama mtu anayekandika nyumba.

"Na mkiumimina, vumbi linakuwaje?"

Nikacheka. Nikamwambia mkiumimina humwoni mwenzako aliye mbele yako.

Yeye hakucheka. Alisema ni vumbi hilo lililokaa kifuani mwangu. Makohozi yamepimwa, hayana mdudu wa kifua kikuu. Kikohozi changu hakiwezi kumwambukiza mtu, Mwelu. Siku ile nilipowapandisha basi, wewe na mtoto, mwende kwa wazazi wako kwa amri ya daktari wa kampuni, hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kupanda basi.

Dawa za TB nimeachishwa. Pasaka nataka kuja Mitaboni. Mwambie baba yako kwa adabu. Nanjala mwambie utakavyoona wewe.

Mumeo,
Zadock Khisa


Mitaboni, Machakos
19 Machi 1974

Baba Nanjala,

Niliisoma nimeketi, kisha nikasimama, kisha nikachukua jembe nikalima kipande ambacho hakikuhitaji kulimwa. Mama alidhani nimegombana na mtu.

Nifurahi au nilie? Mwaka na nusu umepita. Tulikuwa na chumba chetu, jiko letu, majirani zetu, na Nanjala alikuwa na shule yake. Daktari akasema neno moja tukafunga mizigo. Mara ya mwisho ulipokuja kututazama ulisimama barabarani, nasi tukasimama ndani ya boma, tukaongea kwa kupigiana kelele juu ya ua wa minyaa kama watu wanaopatana bei ya mbuzi. Ulipoondoka mtoto aliniuliza, "Baba ametukasirikia?"

Nimemwambia kwamba baba yake anakuja, na safari hii atampakata. Akasema yeye si mtoto wa kupakatwa. Kisha akaenda kunawa miguu, saa nane mchana, akaketi mlangoni kana kwamba unafika siku ileile.

Baba yangu ni kazi nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari wa kwanza alisema TB. Wa pili anasema si TB. Wa tatu atasema nini?" Mpaka aone karatasi yenye muhuri, hutalala bomani mwake. Usimchukie Mzee Kaloki. Aliwazika ndugu zake kwa ugonjwa huo.

Kuna jambo hukuliandika. Umesema za TB umeachishwa. Umepewa dawa gani badala yake?

Mwelu


Kangemi
2 Aprili 1974

Mama Nanjala,

Pasaka sitakuja. Usikunje uso, sababu ni nzuri.

Nimepata wakili, Bwana Wainaina. Ofisi yake iko mjini, ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zake zinamtaka mtu apumzike kila kona. Karani wake amekwisha kunizoea: huniletea kiti kwanza, salamu baadaye. Wainaina anasema sheria inamtaka mwajiri amlipe mtu aliyeugua kwa sababu ya kazi yake. Ila kampuni imekwisha kujibu. Wanasema TB niliipata chumbani kwangu, kwamba daktari wao alinishughulikia kwa hisani tu, na kwamba hata hivyo nimechelewa kudai. Kwa hisani, Mwelu.

Wakili anataka mambo mawili. Kwanza, wewe na Nanjala mpimwe huko Machakos. Mtu mwenye TB hawezi kulala chumba kimoja na watu miaka yote ile asimwachie hata mmoja wao dalili. Pili, anataka mtu wa kazini aeleze hakimu jinsi kazi inavyofanywa. Shem amekubali. Bado ameajiriwa palepale, na anajua atasimama mbele ya watu wanaomlisha.

Kesi itasikizwa Mei. Baada ya hapo nitakuja na karatasi yenye mihuri mpaka Mzee achoke kuitazama.

Habari ya dawa usijisumbue. Daktari amesema nipate hewa safi.

Zadock


Mitaboni
27 Aprili 1974

Baba Nanjala,

Tumepimwa, hatuna kitu, mimi wala mtoto. Nanjala hakulia alipochomwa sindano, ila aliniuma kidole. Vyeti nimevitia humu. Nakala nilimpa Baba. Aliigeuza pande zote mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake la kanisani. Lakini Jumapili nilimsikia akimwambia mzee mwenzake, "Mkwe wangu aliumizwa na kazi." Kwa hiyo mlango umefunguka. Njoo hata kabla ya kesi.

Sasa nisikilize. Muuguzi aliyetupima aliniuliza unaumwa nini hasa. Nikamwambia, ni vumbi la asbesto. Akasema, "Pole, mama." Nikamjibu, pole ya nini, si umesikia kwamba si TB? Alinitazama, kisha akamwita anayefuata.

Zadock, kwa nini alinipa pole?

Mwelu


Kangemi
20 Agosti 1974

Mama Nanjala,

Umeandika, ukaandika tena, nami sikujibu. Nisamehe. Sikuwa na la kukueleza.

Mei hakimu alikuwa likizoni. Juni faili haikuonekana. Julai wakili wa kampuni aliomba muda akapewa. Kila mara navaa suti ile, nateremka mjini, naketi kwenye benchi la korti na watu wa kesi za baiskeli na kesi za mashamba, kisha naambiwa nirudi siku nyingine. Sasa wamesema Oktoba.

Jana alinijia Mungai, msimamizi wetu wa kazi. Alileta mkate na sukari. Kiti kilikuwa kimejaa nguo, akaketi kitandani karibu nami, nikaona haogopi kukaa karibu. Ndipo nilipojua kwamba hata wao hawaamini kuwa ni TB.

"Zadock," akasema, "wewe ni mtu mzima. Kampuni haina ugomvi nawe. Kuna karatasi, utie sahihi tu, mambo yaishe."

Karatasi inasema nilikuwa na kifua kikuu na sina dai lolote. Nikitia sahihi watanipa kitu cha kuniaga.

Nikamuuliza, "Na Shem je?"

"Kesi ikifa, Shem hataitwa. Asipoitwa, atafutiwa nini?"

Mungai si mtu mbaya. Alipokuwa akitoka aliurudishia mlango taratibu ili upepo usinipige.

Nimechoka, Mwelu. Nimetafuta neno jingine sikulipata. Jumatatu ya mwanzo wa mwezi nitakwenda kutia sahihi. Kisha nitakuja, ikiwa Mzee bado anasema yale aliyoyasema kanisani.

Zadock


Westlands, Nairobi
22 Agosti 1974

Shemeji Mwelu,

Nakusalimu wewe na mtoto. Hii barua Zadock hajui. Mimi si mtu ya kuandika, kwa hivyo nitasema tu vile iko.

Ile siku ya misheni nilikuwa ndani na yeye. Daktari alisema mambo mbili. Ya kwanza Zadock alikuandikia. Ya pili ni kwamba hii ugonjwa haina dawa. Hiyo vumbi haitoki, na kifua inaendelea kukauka hata kama mtu ameacha kazi. Zadock akauliza, "Nitaishi mpaka lini?" Daktari akasema hawezi kumdanganya, si miaka mingi. Tukatembea mpaka barabara ya lami. Halafu akaniambia, "Mwelu asijue. Wacha afurahi kidogo."

Nimenyamaza tangu hapo. Sasa siwezi tena, maana anataka kuweka sahihi, na sababu moja ni mimi, ati nisifutwe kazi. Shemeji, mimi sikumwomba hiyo. Hata mimi nakohoa. Si sana, asubuhi tu. Leo karatasi ikisema Zadock alikuwa na TB, kesho nikianguka nitaambiwa TB, na hao wengine wanaomimina unga sasa hivi wataambiwa hivyo hivyo. Wakiniita kortini nitasimama. Kazi ikienda, iende.

Nimemwambia hayo yote lakini hasikii. Wewe atakusikia.

Siku hizi anakunywa chai tu. Ile kilima ya kwenda kwake anapanda akisimama simama, akijifanya anatazama nyumba za watu.

Shem Odero


Mitaboni
26 Agosti 1974

Zadock,

Nimejua. Usimgombeze aliyeniambia. Anakupenda kuliko unavyofikiri.

Ulitaka nifurahi kidogo, nami nilifurahi. Nimekuwa mwanamke mwenye furaha tangu Machi. Nimepaka nyumba ya mama chokaa. Nimeimba kisimani mpaka wanawake wakaniuliza nimepata nini. Na muda wote huo wewe ulikuwa peke yako chumbani na neno hilo. Kama ungeniuliza, ningechagua kuwa chumbani.

Sitaki kugombana. Nguvu za kugombana huna, na zangu nazitaka kwa kazi nyingine.

Kuhusu sahihi. Ukitia kwa sababu umechoka, sitasema kitu, anayechoka ni wewe. Lakini usitie kwa ajili ya Shem, kwa kuwa yeye hataki. Na usitie kwa ajili yangu. Wao ndio waliosema neno hilo, nikaondoka kwako. Sasa wanataka ulirudie kwa mkono wako mwenyewe, ionekane walisema kweli. Nanjala akikua aisome karatasi hiyo, itamwambia ilikuwa haki kumsimamisha baba yake barabarani.

Jumamosi tunafika, mimi na mtoto. Usije kutupokea kwenye mabasi. Kaa chumbani, na utoe nguo kwenye kiti.

Mwelu


Kangemi
2 Desemba 1974

Shemeji Shem,

Natumaini barua hii imekukuta nyumbani Ugenya salama. Uliondoka kwa haraka hata hatukukushukuru vizuri. Kusimama kortini leo na kufutwa kazi kesho yake, hilo si jambo la kulipia kwa chai.

Naona mara kwa mara uso wa wakili wa kampuni alipokuuliza, "Mlikuwa mkipewa kitu cha kujikinga na vumbi, au hamkupewa?" nawe ukajibu, "Tulipewa maziwa." Watu walicheka. Akakuuliza tena, ukasema, "Kila mtu chupa moja. Ya kuosha koo. Ya kufunika pua hakuna." Hakimu alinyanyua macho hapo.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya daktari wa misheni, halafu mimi. Nilivaa kitambaa cheupe kichwani. Nilisimama nikashika ule ubao wa mbele.

Wakili yule akaanza, "Mama, wewe ulimkimbia mume wako, sivyo?"

Nikasema, "Sikumkimbia. Niliondoka."

"Kwa nini?"

"Daktari wenu alisema ana kifua kikuu."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe uliamini kwamba anacho."

"Niliamini, na mume wangu aliamini. Alimeza dawa zenu mpaka zikaisha. Mnasema tumechelewa kuja hapa. Tulichelewa kwa sababu tuliwaamini."

Hakimu aliniambia nirudie polepole. Nikarudia, akaandika. Yule wakili akafunga jalada lake akaketi.

Baba yangu alikuwa amekaa nyuma. Tulipotoka alimshika Zadock mkono, wakateremka pamoja mpaka barabarani, wazee wawili, ingawa mmoja wao hajafika hamsini. Mzee Kaloki alinunua machungwa, akamenya moja, akampa mkwewe.

Uamuzi utatolewa mwaka ujao. Hatutaungoja hapa. Zadock anataka kwao, Kimilili, nami nimekubali. Ukirudi Nairobi, Wainaina ameomba uwe macho na masikio yetu.

Mwelu


Kangemi, Nairobi
18 Aprili 1975

Ndugu yangu Zadock,

Tumeshinda!

Nilikuwa pale tangu korti inafunguliwa. Hakimu alisoma muda mrefu, kwa Kizungu, karani wa Wainaina akiniambia sikioni. Amesema si TB na haikuwa TB. Amesema ni vumbi ya kazi. Amesema hukuchelewa, maana mtu hawezi kudai ugonjwa ambayo amefichwa. Hiyo ni ile maneno ya Mwelu kabisa.

Halafu mbaya. Kampuni wamekata rufani siku hiyo hiyo. Hawatalipa kitu mpaka korti kubwa iamue. Nilimuuliza Wainaina ni lini, akainua mabega.

Mungai alikuwa nje. Alinisalimu. Akaniuliza, "Zadock yuaje?" Nikamwambia akuandikie barua ajue. Baadaye nikasikia vibaya, maana na yeye nilisikia akikohoa.

Mimi niko sawa. Napata kibarua ya rangi huku Kangemi, siku nyingine iko, siku nyingine hakuna.

Shem


Kimilili
6 Mei 1975

Kwa Shem,

Anayeandika ni Nanjala. Baba anasema maneno, mimi naandika, kwa sababu akiandika mwenyewe anachoka.

Baba anasema asante. Anasema barua yako alisomewa na mama, halafu akasomewa na mimi, halafu akaomba aishike. Anasema rufani ni yao, uamuzi ni wake, na hata wakiutengua kuna siku moja hakimu aliusoma mbele ya watu.

Anasema nenda misheni upigwe picha. Anasema hilo nilipigie mstari, nami nimelipigia.

Anasema hapa kuna mvua na mahindi yamefika magotini. Asubuhi tunambeba na kiti mpaka nje. Mimi nikitoka shule nakaa naye, tunasoma gazeti la zamani. Pumzi yake ina sauti kama mtu anayepanga vitu ndani ya sanduku. Baba amecheka, amesema hilo nilifute, lakini sijalifuta.

Anasema usijilaumu kwa kuniambia mama. Yaani kwa kumwambia mama.

Wako,
Zadock Khisa (kwa mkono wa Nanjala)


Kimilili
9 Februari 1976

Shemeji Shem,

Simu ya maandishi uliyotuma tuliipata siku ya maziko. Mchungaji aliisoma mbele ya watu. Wengi hawakujua Shem Odero ni nani, wakadhani ni mkubwa wa kampuni amepata aibu. Mkwe wangu, baba yake Zadock, akasimama akawaeleza.

Zadock hakupata taabu sana mwishoni. Nasema hivyo kwa watu. Wewe nitakuambia kweli: alipata taabu. Hewa ilikuwa imejaa kila mahali na yeye haimtoshi. Lakini tulikuwa pale, Nanjala upande mmoja na mimi upande wa pili, hatukusimama mbali. Alikufa amenishika hapa juu ya kiwiko, na alama ya vidole vyake ilichukua muda kutoka. Nilikuwa nikiitazama kila nikioga.

Sasa Wainaina ameandika. Rufani itasikizwa mwezi wa Machi. Anauliza kama mjane anataka kuendelea. Wazee wa hapa wananiambia niache, wanasema kesi haimrudishi mtu. Ni kweli, haimrudishi. Nami nimechoka, shemeji. Nachoka hata kabla ya kuamka. Nilikaa na barua ile karibu wiki nzima bila kuijibu.

Kisha nikamwandikia kwamba nakuja. Sitaki waketi katika chumba kile waseme TB na hakuna hata mmoja wetu wa kuwatazama usoni.

Nitateremka kwenye kituo cha mabasi ya huku kwetu asubuhi ya tarehe tisa Machi. Nakuomba unipokee, maana korti hiyo kubwa siijui mlango wake. Tukitoka hapo tunakwenda misheni, mimi na wewe. Kila nikikuuliza kama umepigwa picha, unaniandikia habari za mvua. Safari hii nitaketi nje ya mlango wa daktari mpaka utoke, na akisema mambo mawili, utaniambia yote mawili.

Vaa koti. Asubuhi Nairobi ina baridi.

Mwelu